Kumpima Mzee kwa Sauti Yake Mwenyewe

Mwaka 1995 Iris Murdoch alichapisha Jackson's Dilemma, riwaya yake ya 26 na ya mwisho. Wahakiki kadhaa waliiona imepwaya, na sababu haikujulikana wakati huo. Muda si mrefu madaktari wakabaini kwamba mwandishi huyo ana ugonjwa wa Alzheimer. Alifariki mwaka 1999, na uchunguzi wa ubongo wake baada ya kifo ukathibitisha walichokisema. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake huko Uingereza walichapisha matokeo ya kazi ya kuvutia: walikuwa wameiingiza riwaya hiyo kwenye kompyuta pamoja na mbili za zamani, Under the Net ya mwaka 1954 na The Sea, the Sea ya mwaka 1978, kisha wakayahesabu maneno. Sarufi ya mwandishi ilikuwa karibu ileile ya siku zote. Kilichokuwa kimenywea ni msamiati: maneno adimu yalikuwa yamepungua, na nafasi yake imechukuliwa na maneno ya kawaida yanayojirudia. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye kurasa kabla ya kuingia kwenye faili la hospitali. Tangu hapo wazo la kuupima ubongo kwa kuusikiliza limekua na kuwa fani nzima, na sasa limekuwa pia biashara, yenye kampuni zinazoahidi kwamba dakika moja ya maongezi kwenye simu itatosha kumwambia mtu kama akili yake imeanza kufifia. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo ni kweli na sehemu ya pili si kweli. Usemi hubeba alama za ugonjwa, lakini alama hizo husomeka vizuri pale tu mtu anapofananishwa na yeye mwenyewe wa miaka iliyopita. Mashine inayomfananisha na umati wa watu asiofanana nao, tena kwa lugha isiyo yake, itakuwa inapima vitu vingine na kuviita ugonjwa.

Kwanza tuone kwa nini alama zipo. Kusema sentensi moja ya kawaida ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Msemaji huchagua wazo, hulitafutia maneno katika kumbukumbu, huyapanga kwa kanuni za sarufi, huamuru misuli ya kifua, koo, ulimi na midomo, na wakati huohuo hukumbuka alichokwisha kusema na kumwangalia msikilizaji kama amefuata. Kazi hizo hugawanywa katika sehemu nyingi za ubongo, kwa hiyo kasoro ndogo mahali popote inaweza kutokeza kwenye maongezi. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kushambulia maeneo ya ndani yanayoshika kumbukumbu mpya, kisha huenea kwenye sehemu za ubavuni zinazohifadhi maana za maneno na vitu. Ndiyo maana majina ya vitu hutoweka mapema, ilhali matamshi na sarufi hustahimili kwa muda mrefu. Mgonjwa wa mwanzo hutamka vizuri na sentensi zake zimenyooka, ila husita kidogo zaidi kabla ya nomino, husema “kile kitu” pale ambapo zamani angesema “chekeche”, hutumia “yeye” na “huyo” bila kueleza ni nani, na huacha hadithi katikati akaingia nyingine. Uharibifu wenyewe huanza kujijenga kwenye ubongo miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ambazo familia ingeziona, na katika kipindi hicho kirefu cha ukimya watafiti wanatumaini usemi utakuwa wa kwanza kuvujisha siri.

Ushahidi wa kwamba usemi huvujisha kweli umetoka sehemu kadhaa, na inafaa tuutazame kwa mpangilio wa nguvu yake. Kisa cha Murdoch kina nguvu kwa sababu ugonjwa ulithibitishwa na kwa sababu anayelinganishwa ni mtu mmoja. Baadaye Ian Lancashire na Graeme Hirst wa Chuo Kikuu cha Toronto walifanya kazi kama hiyo kwa riwaya za Agatha Christie, wakakuta kwamba katika vitabu vya mwisho, hasa Elephants Can Remember cha mwaka 1972, msamiati umepungua na maneno yasiyotaja kitu bayana yameongezeka. Christie hakuwahi kupimwa wala kuambiwa ana ugonjwa huo, kwa hiyo hapa tuna mashaka ya msingi, hatuna uthibitisho. Lakini kundi hilohilo la Toronto lilipomweka kando yao P. D. James, mwandishi mwingine wa riwaya za upelelezi aliyeandika hadi uzeeni mwake na akili zake timamu, mserereko wa namna hiyo haukuonekana. Hilo ni jibu zuri kwa anayedhani kwamba uzee peke yake ndio uliopunguza maneno. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakageukia mazungumzo ya mdomo: walichukua mikutano ya Ronald Reagan na waandishi wa habari akiwa rais wa Marekani, kati ya 1981 na 1989, wakaifananisha na ile ya mrithi wake, George H. W. Bush. Kadiri miaka ilivyokwenda, Reagan alitumia maneno tofauti machache zaidi, na vijazo pamoja na nomino zisizo bayana vikazidi. Kwa Bush mwelekeo huo haukuonekana. Reagan alitangaza ugonjwa wake mwaka 1994. Watafiti walikuwa makini kutosema kwamba aliugua akiwa madarakani, na umakini huo unafaa kuigwa, maana rais huyo alipigwa risasi mwaka 1981 na kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja katika miaka ile, na mambo hayo nayo huacha alama zake.

Mfano unaotajwa zaidi ya yote ni ule wa watawa wa Kikatoliki wa Marekani, na naona husomwa vibaya mara nyingi. David Snowdon na wenzake, waliokuwa wakiwafuatilia masista 678 wa shirika moja, walizikuta kwenye kumbukumbu za watawa insha fupi ambazo masista waliandika kueleza maisha yao walipokuwa wanajiunga, wakiwa na umri wa wastani wa miaka 22. Katika makala yao ya mwaka 1996 walipima insha za masista 93 kwa kuhesabu mawazo yaliyobanwa katika kila maneno kumi. Takriban miaka 58 baadaye, wale ambao maandishi yao yalikuwa na mawazo machache ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu; na kati ya 14 waliokuwa wamefariki, ugonjwa wa Alzheimer ulionekana kwenye ubongo wa wote walioandika kwa mawazo machache, na haukuonekana kwa yeyote aliyeandika kwa mawazo mengi. Ni matokeo ya kushangaza, na wanaouza programu za simu huyataja kwa furaha. Lakini insha ya msichana wa miaka 22 haiwezi kuwa dalili ya kudhoofika, maana hatujui alikuwa juu kiasi gani kabla ya hapo. Pengine inaonesha akiba ya akili, yaani uwezo ambao mtu aliujenga utotoni na shuleni na ambao baadaye humkinga dhidi ya ugonjwa. Kwa maneno mengine, utafiti wa masista hutueleza ni nani aliye hatarini zaidi. Hautuelezi ni lini mtu ameanza kuteleza. Mambo hayo mawili yanachanganywa kila siku, na mkanganyiko huo ndio kiini cha tatizo zima.

Kwa kuwa maabara haziwezi kungoja miaka 40 ya riwaya, zilitafuta njia ya mkato. Njia hiyo ni picha. Katika kipimo cha usemi kilichotungwa Boston na Harold Goodglass na Edith Kaplan na kuchapishwa mwaka 1972 kuna mchoro wa jikoni: mama anafuta vyombo huku sinki limejaa na maji yanamwagika sakafuni, na nyuma yake mvulana amepanda kigoda kinachopinduka ili aibe biskuti kabatini, msichana amenyoosha mkono apewe. Mtu huambiwa aeleze anachokiona. Kati ya miaka ya 1983 na 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwarekodi wagonjwa na wazima wakieleza mchoro huo, na mkusanyo huo umekuwa shamba ambalo karibu kila mtafiti wa fani hii amevuna. Mwaka 2016 Kathleen Fraser na wenzake wa Toronto walipima sifa 370 za usemi kutoka mkusanyo huo, wakaweza kuwatenganisha wagonjwa na wazima kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 81. Mwaka 2020 yaliandaliwa mashindano ya kimataifa yaliyotumia watu 156 kutoka mkusanyo uleule, nusu wagonjwa na nusu wazima, safari hii wakiwa wamesawazishwa kwa umri na jinsia. Kusawazisha kwenyewe kulikuwa ni kukiri kwamba kazi nyingi za awali zilikuwa zinapima umri bila kujijua.

Hatua kubwa zaidi ilitoka Framingham, mji wa Massachusetts ambao wakazi wake wamefuatiliwa kiafya tangu mwaka 1948. Mwaka 2020 watafiti wa IBM na Pfizer walitumia maelezo ya mchoro uleule yaliyoandikwa na watu wa Framingham wakiwa bado wazima, wakajaribu kubashiri nani angekuja kuugua. Walipatia takriban mara 7 kati ya 10, wastani wa zaidi ya miaka saba kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Mwaka 2024 kundi la Chuo Kikuu cha Boston likachukua rekodi za sauti za watu 166 ambao tayari walikuwa na upungufu mdogo wa utambuzi, likabashiri kwa usahihi wa asilimia 78.5 nani angefikia ugonjwa wa Alzheimer ndani ya miaka sita. Kazi hizi naziheshimu, kwa sababu zinatazama mbele badala ya kutafuta dalili kwa mtu ambaye mwisho wake unajulikana. Hata hivyo tukumbuke kwamba kundi la Boston liliongeza kwenye hesabu zake umri, jinsia na kiwango cha elimu. Sehemu ya usahihi ule ni ya usemi, na sehemu nyingine ni ya cheti cha kuzaliwa na cha shule.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia: kama mashine inapatia mara 8 kati ya 10, je, si inatosha? Jibu linategemea imepelekwa wapi. Tuchukue wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambako utafiti wa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulikadiria, baada ya kurekebisha kwa umri, kwamba asilimia 6.4 wana demensia, yaani hali ya kupoteza uwezo wa akili ambayo Alzheimer ni aina yake mojawapo. Tuwaweke wazee 1,000 wa namna hiyo mbele ya mashine inayowatambua wagonjwa 80 kati ya kila 100 na kuwapitisha wazima 80 kati ya kila 100. Wagonjwa halisi ni 64, na mashine itawakamata 51. Wazima ni 936, na mashine itawaambia 187 kati yao kwamba ni wagonjwa. Kwa hiyo kati ya wazee 238 watakaopewa habari mbaya, karibu wanne katika kila watano watakuwa wamesingiziwa. Usahihi uleule unaong'ara kwenye mashindano yenye nusu kwa nusu huwa kipimo duni sana kinapopelekwa uwandani. Ndiyo sababu mojawapo kwa nini jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wazee wote wasio na dalili wapimwe utambuzi, na hilo lilihusu vipimo vya kawaida vya ana kwa ana, vyenye historia ndefu kuliko hivi vya sauti.

Watetezi hujibu kwamba mashine zinaboreka kila mwaka, na kwamba akili mnemba ya kisasa haihitaji kuambiwa ihesabu nini, inajifunza yenyewe. Hilo ni kweli, na ndilo linalotia wasiwasi. Watafiti walipozijaribu baadhi ya mashine hizo kwa vipande vya rekodi ambavyo havina maneno kabisa, yaani ukimya na kelele za chumba tu, ziliendelea kuwatenganisha wagonjwa na wazima kwa kiwango kikubwa kuliko bahati nasibu. Ina maana makundi hayo mawili yalirekodiwa katika mazingira yanayotofautiana kidogo, na mashine iliutambua mvumo wa chumba ikaupa jina la Alzheimer. Daktari anayekosea unaweza kumuuliza alifikiri nini. Mashine iliyojifunza yenyewe hujibu kwa namba, na namba hiyo huwa na sura ya uhakika hata inapotoka kwenye feni ya ukutani.

Tukihamia Kiswahili, matatizo hubadilika sura. Vipimo vingi vya Kiingereza huhesabu uwiano wa viwakilishi na nomino, kwa sababu mgonjwa hukimbilia viwakilishi anapokosa majina. Kwetu mtenda hukaa ndani ya kitenzi: katika “alikipeleka” yupo mtu, upo wakati, kipo kitu na lipo tendo, yote katika neno moja lisilo na kiwakilishi hata kimoja kinachosimama peke yake. Kompyuta inayokata maneno kwenye nafasi za maandishi itahesabu “alipeleka”, “alikipeleka” na “atakipeleka” kuwa maneno matatu tofauti, na msamiati wa mzee utaonekana tajiri hata kama anazungushia kitenzi kimoja mchana kutwa. Mtu atasema basi tuhesabu upatanisho wa ngeli, maana huo ni mzigo wa kumbukumbu ambao Kiingereza hakina. Kama utafiti, wazo hilo ni zuri. Kama kipimo cha jumla ni hatari, kwa kuwa kuna mamilioni ya wasemaji wazima kabisa, wa Nairobi, wa Lubumbashi, wa bara la Tanzania, ambao Kiswahili chao hakifuati ngeli za kitabuni na hakijawahi kuzifuata. Mashine iliyofunzwa kwa Kiswahili sanifu ingeona “kitabu yangu” na kushuku ubongo wa jiji zima.

Kuna pia adabu ya usemi. Neno lisilotaja kitu bayana, “nanii”, “yule bwana”, “mambo yale”, linaweza kuwa dalili ya jina lililopotea. Linaweza pia kuwa stara. Mzee wa pwani anayezungumza kwa mafumbo mbele ya vijana au mbele ya mgeni mwenye kinasa sauti hakukosa maneno, ameyaficha makusudi. Kutulia kabla ya kujibu ni heshima, na takriri ni mbinu ya msimulizi anayejua kazi yake. Mchoro wa jikoni nao una shida zake: sinki la bomba, kabati la biskuti na mama aliyesimama kufuta sahani ni maisha ya familia ya Marekani, na mtu ambaye hakukaa darasani anaweza kusita mbele ya mchoro wowote kwa sababu kusoma picha ni ujuzi wa shuleni. Tuongeze kwamba wazee wengi wa Kilimanjaro walijifunza Kichaga kwanza na Kiswahili baadaye, na mtu wa lugha mbili anapodhoofika mara nyingi lugha iliyoingia ukubwani ndiyo inayotetereka mapema. Kusita kwake kwa Kiswahili kunaweza kuwa ugonjwa, au kunaweza kuwa vilevile alivyokuwa tangu mwaka 1970. Ukimsikiliza mara moja tu hutaweza kujua ni kipi kati ya hivyo.

Naomba isieleweke kwamba nasema fani hii iachwe. Hai yenyewe inaonesha njia nyingine. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza huko kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kilichokusudiwa watu wasiosoma: mzee hueleza daraja ni nini, hutaja siku na kiongozi wa mahali pake, hukumbuka orodha ya maneno, hupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliooneshwa, na hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hilo la wanyama ni uchambuzi wa usemi tayari, ila mhudumu huandika idadi tu na mengine yote hupotea hewani. Kinasa sauti kingeyahifadhi. Inajulikana kwamba mtu asiye na ugonjwa hutaja wanyama kwa vikundi, simba, chui, fisi, kisha anahamia ng'ombe, mbuzi, kondoo. Anayedhoofika vikundi vyake hufupika, huchelewa kuhama, au hurudia aliokwisha kuwataja. Kupima mapengo kati ya mnyama na mnyama hakuhitaji sarufi wala ngeli, na mtu anaweza kuwataja kwa Kichaga, Kikamba au Kiswahili. Nadhani mahali pa kuanzia ni hapo, kwenye kazi ndogo inayofahamika kijijini, kabla ya kununua programu inayosikiliza kila kitu.

Na hapo hoja ya kumfananisha mtu na nafsi yake hupata mwili. Namba ya wanyama 11 kwa mzee ambaye hakusoma haisemi mengi. Wanyama 17 mwaka huu, 15 mwaka kesho, 11 mwaka wa tatu, pamoja na mapengo yanayorefuka, hayo yanasema. Meno yaliyong'oka zamani, lafudhi, aibu mbele ya mgeni, uzoefu wa shule, lugha ya mama, vyote hivyo humfuata mtu kutoka rekodi ya kwanza hadi ya pili, kwa hiyo hujifuta vyenyewe katika ulinganisho. Vinavyobaki ni vile vilivyobadilika. Si vyote vitakuwa Alzheimer: sonona hupunguza kasi ya usemi, kiharusi kidogo huharibu matamshi, upungufu wa vitamini B12 au homoni za tezi ya shingo hulegeza kumbukumbu, na anayepoteza usikivu huanza kujibu pembeni ya swali. Lakini orodha hiyo ni faida. Nyingi za hali hizo hutibika au hupunguzwa makali, na sauti iliyobadilika inakuwa sababu ya kumpeleka mzee kwenye kituo cha afya achunguzwe, bila kumbandika jina la ugonjwa mlangoni.

Wapo wanaouliza kwa nini tujisumbue na ugonjwa usio na tiba. Dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani, lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, hupunguza kasi tu, zinahitaji kupiga picha za ubongo mara kwa mara kwa hofu ya uvimbe na kuvuja damu, na ile ya kwanza ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Kwa mzee wa Machame, wilayani Hai, hazipo. Lakini tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kuahirishwa kwa kushughulikia mambo 14, miongoni mwao shinikizo la damu, kisukari, upotevu wa usikivu na wa macho, sonona na upweke. Anayejua mapema ana nafasi ya kuyarekebisha haya, na pia ana nafasi ya kuweka shamba na urithi sawa angali anaweza kuamua mwenyewe. Wengine husema kipimo cha damu, ambacho cha kwanza kiliidhinishwa Marekani Mei 2025, kitaifanya sauti isiwe na kazi. Sioni hivyo. Damu hueleza protini zilizojikusanya kwenye ubongo. Haielezi mtu anaishije nazo, na si kila mwenye protini hizo atapoteza akili zake. Tena sindano na maabara vina gharama, ilhali swali ni nani kati ya maelfu apelekwe kwenye sindano hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote kwangu ni la madhara. Kule Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, na Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayeongea peke yake, anayepotea njia usiku au anayesahau majina ya wajukuu ndiye wa kwanza kushukiwa. Katika mazingira hayo, simu inayotoa matokeo mekundu mbele ya jirani si kipimo cha afya. Sheria zipo: Kenya ilipitisha ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Lakini sauti haionekani kuwa taarifa ya afya mpaka itakapochambuliwa. Ujumbe wa sauti aliotumiwa mtoto aliyeko Muscat au London ni salamu leo, na kesho unaweza kuwa kielelezo cha kampuni ya bima. Wapo wanaopendekeza jumbe hizo za WhatsApp zitumike kama rekodi ya zamani ya mtu, na kweli zingefaa sana kwa ulinganisho ninaoutetea. Ningekubali iwapo tu mwenye sauti ameombwa, akaelewa, akaridhia akiwa na akili timamu, na matokeo yakaenda kwa mhudumu wa afya, yasibaki kwenye simu ya mwanafamilia.

Kinachokosekana basi ni rekodi za wazee wa Kiswahili na lugha zinazokizunguka, zinazorudiwa kwa watu walewale. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti nyingi za Kiswahili, lakini ni za sentensi zinazosomwa, kwa hiyo mzee asiyesoma hayumo. Mashine za kugeuza sauti kuwa maandishi nazo mara nyingi husafisha usemi zinapouandika: hufuta “eee”, huondoa neno lililorudiwa, huunganisha sentensi iliyokatika, yaani hutupa kilekile ambacho mtafiti wa demensia anakitafuta. Itabidi watu waandike kwa mkono, wakiweka alama kila pengo, na watu hao wawe wanaijua lafudhi ya mahali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, lakini mchoro unaozifunza mashine bado ni ule wa jikoni ya Marekani. Kizuizi kikubwa kiko kwenye mfumo wa fedha. Ruzuku nyingi za utafiti hudumu miaka mitatu hadi mitano, na upotevu huu hujitokeza polepole kwa muda mrefu kuliko huo. Framingham iliweza kwa sababu wafadhili wake waliendelea kulipa tangu mwaka 1948. Mradi utakaokwenda Hai, au Makueni nchini Kenya, na kurekodi mara moja utapata makala ya kuchapisha. Utakaorudi kwa mzee yuleyule, kwa swali lilelile na kwa umbali uleule wa maikrofoni, kila mwaka kwa miaka kumi, unahitaji kubebwa na wizara na chuo kikuu vya hapahapa, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayelipwa kufanya hivyo.